Mifuko iliyofichika: Siri ya vazi la mwanamazingaombwe wa kike

MNAMO Machi 1991, kijana aliyejitambulisha kuwa Raymond Lloyd alitahiniwa na Magic Circle, chama maarufu cha wanamazingaombwe chenye makao yake jijini London, Uingereza. Alifaulu na kupewa uanachama. Jambo moja tu lingeweza kuwashangaza waliomtazama: alifanya kazi yake yote akiwa amevaa glavu, ilhali sanaa hiyo hutegemea wepesi wa vidole kuliko kitu kingine chochote.

Glavu hizo zilikuwa na sababu. Raymond alikuwa mwanamke, Sophie Lloyd, na mikono yake ingemfichua. Magic Circle, kilichoanzishwa mwaka wa 1905, kilikuwa hakiruhusu wanawake kujiunga, na Sophie pamoja na mwenzake Jenny Winstanley, ambaye ndiye aliyebuni mpango huo, walitaka kuthibitisha kwamba kipingamizi hakikuwa ujuzi. Alivaa wigi, akaubadilisha umbo la mwili wake kwa vazi la ndani lililojazwa, na akajisingizia maradhi ya koo ili sauti isimsaliti.

Baadaye mwaka uo huo chama hicho kilipopiga kura ya kuwakubali wanawake, Sophie alijitokeza na kueleza ukweli. Akafukuzwa.

Kisa hicho huelezwa zaidi kama kichekesho, lakini kinagusa suala ambalo kila mwanamke anayepanda jukwaani kufanya mazingaombwe hukumbana nalo kabla ya kugusa karata. Avae nini? Swali hilo si la urembo pekee. Katika sanaa hii nguo ni chombo cha kazi, kama vile nyundo ilivyo kwa seremala, na chombo hicho kilibuniwa kwa mwili wa mwanamume.

Chanzo chake kinaweza kufuatwa hadi Paris, Ufaransa, ambako Jean-Eugène Robert-Houdin alifungua ukumbi wake mwaka wa 1845. Wengi waliomtangulia walivaa majoho na kofia zilizochongoka. Yeye alipanda jukwaani akiwa amevaa kama mabwana waliokuja kumtazama: suti nyeusi ya jioni, koti lenye mikia miwili nyuma. Vazi hilo lilionekana la kawaida, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake. Mikia ya koti ilikuwa mahali pazuri pa kushonea mifuko ya siri, pale pale mkono unapofika ukiteremshwa. Kifuani kulikuwa na nafasi ya kuficha vitu vyembamba, nayo mikono ya koti ilikuwa mipana kiasi cha kumeza sarafu.

Kwa zaidi ya karne moja, vitabu vya kufundishia mazingaombwe vilichukulia kwamba msomaji amevaa koti hilo. Mwanafunzi wa kike aliyeambiwa apeleke sarafu mfuko wa nyuma wa koti alibaki akijitazama. Gauni halina mfuko huo. Mara nyingi halina mfuko wowote.

Mwanamke, kwa hakika, alikuwa na nafasi jukwaani, lakini kama msaidizi. Mnamo Januari 1921, P. T. Selbit aliwaonyesha watu wa London mchezo wa kumkata mwanamke kwa msumeno akiwa ndani ya sanduku. Wanawake wa Uingereza waliotimiza miaka 30 na kutimiza masharti ya mali walikuwa wamepata haki ya kupiga kura miaka mitatu tu iliyotangulia, na Selbit, aliyejua kutafuta habari magazetini, alijitolea hata kumlipa mtetezi wa haki hiyo, Christabel Pankhurst, ili aingie sandukuni. Alikataa. Mitindo ya enzi hiyo ilimfaa Selbit: nguo nyepesi zisizo na korseti nzito zilimwezesha msaidizi kujikunja na kujinyoosha upesi. Vazi la msaidizi likaendelea kuwa hivyo, la kubana, jepesi na lenye kumetameta, yaani vazi la kutazamwa lisiloweza kuficha hata kitambaa.

Hata hivyo, walikuwapo waliokataa mgawanyo huo. Adelaide Herrmann, mzaliwa wa London aliyevuma Marekani, alianza kama mchezaji dansi na msaidizi wa mumewe, Alexander Herrmann. Mume alipofariki Desemba 1896, hakupita hata miezi miwili kabla ya mjane huyo kusimama katika jumba la Metropolitan Opera House, New York, na kufanya mchezo wa kudaka risasi zilizofyatuliwa na kundi la wanaume wenye bunduki. Aliendelea kutumbuiza kwa miongo mitatu akijulikana kama Malkia wa Mazingaombwe. Hakuazima koti la mumewe. Alivaa magauni ya fahari, na alijua tangu siku za dansi jinsi kitambaa kingi kinachozungushwa chini ya taa kinavyoweza kuliteka jicho.

Hiyo ndiyo njia mojawapo hadi leo: kuacha kuiga koti na kuuliza gauni linaweza nini ambacho koti haliwezi. Sketi pana ina mikunjo mingi kuliko mikia ya koti, na mfuko ulioshonwa kwenye mshono wa ubavuni, ukafunikwa na mkunjo, hauonekani hata na aliyeketi mstari wa mbele. Mshipi mpana hubeba vitu vingi. Mtandio unaovuliwa mapema katika onyesho huondoka na kilichokuwa ndani yake bila mtu kushuku. Wengine huchagua suti ya suruali iliyokatwa upya kwa umbo la kike, na hapo mifuko yote ya wazee hurudi. Linalofaa huamuliwa na mchezo, wala si na dirisha la duka.

Kwa sababu hiyo fundi wa nguo ni mshiriki wa siri. Anapopima, msanii hulazimika kusimama mikono ikining'inia, kisha ikiwa imekunjwa, kwa maana mfuko ulio chini au juu kwa upana wa vidole viwili humfanya ainamishe bega, na bega likiinama watazamaji hutazama pale pale wasipotakiwa kutazama. Bitana ya mfuko huhitaji kuwa ngumu kiasi ili mdomo wake ubaki wazi. Hariri tupu hujishika yenyewe na kitu hukwama. Kitambaa chembamba nacho huonyesha umbo la kila kilichomo taa zinapowaka kutoka nyuma.

Rangi pia ina kazi. Nguo nyeusi mbele ya pazia jeusi hulimeza umbo la msanii na kuacha uso na mikono ikielea. Wapo wanaolitaka hilo. Asiyelitaka hana budi kuuliza mapema rangi ya pazia la ukumbi. Nguo yenye mapambo mengi kifuani huiba macho yanayopaswa kuwa kwenye karata.

Mapambo ndiyo yenye mitego mingi. Bangili hupiga kelele wakati ambapo mkono unapaswa kuwa kimya. Pete yenye jiwe refu hunasa hariri na kukwaruza karata, na vilevile humulika kila mkono unaposogea. Mkufu mrefu hujikita kwenye kamba. Kucha zilizopakwa rangi kali huvuta jicho kwenye vidole, jambo baya kwa anayeficha na zuri kwa anayetaka mkono wa kulia utazamwe huku wa kushoto ukifanya kazi. Viatu vya visigino virefu hubadilisha usawa wa mwili, basi mazoezi hufanywa navyo, si na ndara za nyumbani. Na kuna kile ambacho wengi hukikumbuka wakiwa wamechelewa, kipaza sauti: kisanduku chake huhitaji mkanda wa kukishikilia, na gauni lisilo na mkanda humlazimu msanii kukibandika mgongoni, mahali ambapo huenda tayari pana siri nyingine.

Mnamo 2021 Magic Circle kilipata rais wa kwanza wa kike, Megan Swann. Mwezi Aprili 2025, zaidi ya miaka thelathini baada ya kufukuzwa, Sophie Lloyd aliombwa radhi na kurudishiwa uanachama wake, safari hii kwa jina lake mwenyewe na bila glavu.