Tuhitilafiane Bila Kukatana Udugu

 

Kila Ramadhani inapofika ukingoni, huzuka mjadala ule ule katika miji yetu ya pwani: mwezi ukionekana nchi nyingine, nasi tufungue, au tungoje uandame kwetu? Mjadala huu si mgeni wala si haramu. Kinachotuhuzunisha ni kuona ndugu wawili waliolelewa nyumba moja wakisali Iddi siku mbili mbalimbali, kisha wakapitisha mwaka mzima hawaamkuani.

Hitilafu yenyewe ina asili. Imam Muslim amepokea kuwa Kuraib alitoka Sham akafika Madina, akamweleza Ibn Abbas kwamba watu wa Sham waliuona mwezi usiku wa Ijumaa, na Muawiya akafunga. Ibn Abbas akajibu kuwa Madina waliuona usiku wa Jumamosi, nao wangeendelea kufunga hadi watimize siku 30 au wauone. Wanavyuoni wengi wa Kishafii wameishika hadithi hii. Wengi wa madhehebu mengine wameona muandamo wa mji mmoja unawatosha wote. Katika mapokezi hayo hamna hata neno moja la kumtukana aliyefunga mapema.

Basi tunapoketi barazani, tuijadili hoja, si mwenye hoja. Kuuliza “Dalili yako ni ipi?” ni kutafuta elimu, kuuliza “Wewe umesoma wapi?” ni kutafuta ugomvi. Tumwache mwenzetu amalize kusema. Anayetaka kumsahihisha mkubwa wake amwendee faraghani, si mbele ya wakwe na wajukuu.

Mzigo mkubwa zaidi anao mwenye baraza, awe baba, ami au mjomba. Asingoje sauti zipande. Aanze kumnyamazisha wa upande wake mwenyewe, ili wa upande wa pili aone uadilifu. Hoja zikirudiwa pasipo jipya, ayafunge mazungumzo bila kutangaza mshindi, kahawa imiminwe.

Inasimuliwa kuwa Imam Shafii alijadiliana na Yunus as-Sadafi wakaachana bila kuafikiana. Walipokutana tena, Imam alimshika mkono akamkumbusha kuwa udugu wao waweza kudumu hata wasipokubaliana katika mas’ala. Sisi tunaojinasibisha na madhehebu yake tuna haki gani ya kuupuuza mwendo wake?

Mtume (s.a.w.) amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku 3. Iddi ikitujia kwa siku mbili, aliyetangulia asimle nduguye kwa maneno kwa kuwa bado amefunga. Amngoje hadi magharibi, ndipo ampelekee sinia. Naye aliyefunga aipokee kwa bashasha, na kesho yake arudishe sinia hiyo ikiwa na chake.

Wabillahi taufiq.