Acha roboti ibonyeze ‘Lipa’ kabla ya mteja

Umejenga tovuti, umeijaribu mara tatu kwenye laptopu yako, imekubali. Ukamtumia mteja linki, ukaomba malipo yako. Boss, hapo ndipo maneno huanza.

Nilipoacha chuo, kazi yangu ya kwanza ilikuwa tovuti ya dada mmoja anayeuza viatu vya mitumba. Fomu nilijaribu, iko sawa. Hifadhidata nilijaribu, iko sawa. Kumbe kuna mnunuzi ambaye mtandao wake ulikuwa unakwamakwama. Alibonyeza ‘Lipa’, akaona kimya, akabonyeza tena. Oda zikaingia mbili, akalipa mara mbili. Nilirudisha Sh1,500 kutoka mfukoni mwangu, na kazi ikaishia hapo.

Nilikuwa nimejaribu vipande, sikujaribu safari nzima: kuingia, kuchagua kiatu, kulipa, kupata risiti.

Safari hiyo unaweza kuiachia programu, ile mimi huita roboti. Selenium ilianzishwa 2004 na Jason Huggins akiwa ThoughtWorks kule Chicago. Microsoft nayo ilitoa Playwright mwaka 2020. Zote ni za bure. Unaandika hatua, roboti inafungua brauza yenyewe, inajaza jina, inabonyeza, halafu inakagua kilichotokea. Kama kuandika kunakutisha, Playwright ina amri inaitwa codegen: wewe unabonyeza tu, yenyewe inakuandikia msimbo.

Sasa, usiifundishe roboti kuwa mteja mpole. Iambie ibonyeze ‘Lipa’ mara mbili. Chelewesha jibu la seva kwa sekunde kumi. Ijaze nambari ya simu inayoanza na 07, kisha ile ya +254. Mwisho ikague jambo moja: je, oda ni moja? Pesa halisi usiguse. Jibu la malipo unaweza kuliigiza.

Ila usijaribu kila kitu hivi. Majaribio haya huenda polepole, na ukibadilisha kitufe kidogo tu yanaweza kuvunjika. Anza na njia inayoleta pesa.

Cheti bado sina. Lakini siku hizi nikipeleka kazi, naendesha jaribio mteja akiangalia. Anaona brauza ikijifungua, ikichagua kiatu, ikibonyeza ‘Lipa’ mara mbili, na oda inabaki moja. Hapo swali la nilisomea wapi huwa halikuji.