Mwana anayesomea udaktari naye huugua moyo



Ndugu Waislamu, mwana akichaguliwa kusomea udaktari au uuguzi, ukoo mzima hufurahi. Ni wachache wanaomwuliza baadaye: mwanangu, moyo wako u hali gani?

Mwaka 2016 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi wa tafiti kutoka nchi zaidi ya 40. Wanafunzi wa udaktari 27 katika kila 100 walikuwa na dalili za sonona, na 11 katika kila 100 walikuwa na fikra za kujiua. Wenye dalili za sonona waliotafuta tiba hawakufika hata 16 katika 100.

Sababu hazijifichi. Kijana huyu hukesha na vitabu, mchana yumo wodini akishuhudia mauti, na mtihani mmoja waweza kumrudisha nyuma mwaka mzima. Akizidiwa huona haya kusema, akichelea kuhesabiwa kuwa hafai kazi.

Nasi nyumbani humwongezea mzigo. Binti mmoja wa mwaka wa 3 alinijia baada ya darsa. Alipomweleza baba yake kwamba halali wala hali, aliambiwa imani yake ni ndogo. Usiku ule ule nilimwendea mzee huyo, nikamkumbusha Surat Yusuf, aya ya 84: Nabii Yaqub (AS) alihuzunika hadi macho yake yakawa meupe. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa ndogo? Mzee alinyamaza, kisha akalia. Asubuhi alimpeleka binti yake hospitali mwenyewe.

Kujiua ni haramu. Allah (SW) amekukataza katika Surat An-Nisaa, aya ya 29, na mwisho wa aya hiyo hiyo akajitaja kuwa ni Mwenye kuturehemu. Basi aliyelemewa asipokewe kwa hukumu pekee. Dua ina nafasi yake, na Mtume (SAW) ametuamrisha pia kutafuta tiba.

Wazazi, mkiona mwana anajitenga, anagawa vitu vyake au anasema heri asingezaliwa, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii fikra hiyo, bali humfungulia mlango wa kusema. Msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Shahada yaweza kungoja mwaka mwingine, roho haingoji.