Tovuti sita za kufungua mwenyewe, toka Kapata

Wengi wetu tunamaliza mega kwenye WhatsApp na Facebook tu. Lakini kwenye simu ileile kuko habari zinazogusa mufuko na kiwanja chako. Tumechagua tovuti sita. Hazilipishi kitu, unalipa mega tu.

1. Bei ya shaba: lme.com
Hili ni soko la madini la London. Linaonyesha bei ya tani ya shaba safi kwa dola. Kobalti pia iko. Tuseme tani ni dola 9.000: kilo ni dola 9. Jiwe lenye teneur ya 10% lina gramu 100 za shaba kwa kilo, ni kusema senti 90. Mwenye depo hawezi kukupa zote, sababu kuko usafiri, kodi na kazi ya kiwanda. Lakini mashine yake ikisoma 5 mahali pa 10, sasa unajua umepoteza nusu.

2. Ardhi: ramani ya CAMI
Andika kwenye Google «cadastre minier RDC carte». Ramani inaonyesha namba ya permis, jina la mwenyewe na tarehe ya kuisha. PE ni ya kuchimba, PR ni ya kutafuta madini, ZEA ni eneo la wachimbaji wa mikono. Angalia mbele ya kununua parcelle. Kama iko ndani ya PE, siku moja wanaweza kukuambia uhame. Sheria inataka walipe fidia, lakini utahitaji karatasi za kuonyesha haki yako. Karatasi hizo hazitoki CAMI. Ni kazi ya Affaires foncières.

3. Sheria: leganet.cd
Hapa kuko Code minier na mabadiliko yake ya 2018, Code du travail, Code de la famille. Soma artikle 242 ya Code minier: kwa kila franka 100 za redevance minière, 50 zinaenda kwa serkali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa entité ya pale wanapochimba, na 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo.

4. Makuta: itierdc.net
ITIE inatangaza ripoti za pesa ambazo makampuni yamelipa. Chukua hesabu ya ripoti, weka pembeni ya zile 15, kisha uliza viongozi wa kwetu: zilijenga nini? Swali lenye hesabu halikimbiwi kirahisi.

5. Masomo: kiwix.org
Programu hii inapakua Wikipedia, ya Kifaransa ao ya Kiswahili, mara moja tu. Kisha mutoto anasoma bila mega, hata network ikipotea. Ile ya Kifaransa ni nzito. Chagua ile ndogo isiyo na picha, ao ipakue pahali penye wifi, halafu wenzake wa darasa waichukue kwake. Ni musaada kwa finaliste anayetayarisha Examen d'État.

6. Ya kushangaza: Google Earth Timelapse
Tafuta Kolwezi, anzia 1984. Utaona mashimo yakipanuka mwaka kwa mwaka, na nyumba zikisogea karibu nayo.

Neno la mwisho: link ya WhatsApp inayoahidi kazi kwenye kampuni na kukuomba utume pesa kwa simu «ya dosie», usiifungue. Na kama jirani hana Android, mufungulie ramani ya CAMI mbele hajalipa kiwanja.