Suleiman Kangangi, Mkenya aliyewafungulia wenzake njia ya mbio za baiskeli

Kati ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, baiskeli ni chombo cha kazi. Vijana huipakia magunia ya mchele na bidoni za mawese, na penye mlima au tope hushuka wakaisukuma. Miguu yao ina nguvu, lakini nguvu peke yake haimfanyi mtu kuwa mwanamichezo wa kulipwa. Maisha ya Mkenya Suleiman Kangangi, aliyejulikana kwa jina la Sule, yanaonyesha ni nini kingine kinachohitajika.

Kangangi alianzia katika kundi la Kenyan Riders, lenye makao yake Iten, mji ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 2,400, unaojulikana zaidi kwa wanariadha wa mbio ndefu za miguu. Waliounda kundi hilo walijiuliza swali moja: ikiwa Wakenya wanashinda dunia kwa kukimbia, kwa nini wasishinde kwa baiskeli?

Jibu halikuwa rahisi. Mkimbiaji anaweza kuanza na jozi ya viatu. Mwendesha baiskeli anahitaji chombo cha bei kubwa, fundi, vipuri, na zaidi ya yote, mashindano ya mara kwa mara. Kukaa ndani ya kundi la watu zaidi ya 100 wanaokwenda kasi, kujua wakati wa kujificha na upepo na wakati wa kushambulia, hakufundishwi na mazoezi ya peke yako. Kijana wa Ubelgiji hujifunza hayo tangu utotoni, karibu na nyumbani. Wa Afrika Mashariki alilazimika kutafuta viza na tikiti ya ndege kwanza.

Hata hivyo Kangangi alifika mbali. Mwaka 2017 alimaliza wa tatu katika mbio za kuzunguka Rwanda, zilizoshindwa na Mnyarwanda Joseph Areruya. Alishindana pia akiwa na timu ya Bike Aid ya Ujerumani.

Baadaye akawa nahodha wa timu ya Amani, inayokusanya wanaume na wanawake kutoka Kenya, Uganda na Rwanda. Wazo lake ni kuleta mashindano nyumbani badala ya kungoja viza. Mwezi wa sita 2021 mbio za siku 4, zenye takriban kilomita 650, zilifanyika katika eneo la Maasai Mara, na waendeshaji kutoka Ulaya wakaja kushindana na wenyeji. Zilikuwa mbio za barabara za udongo na changarawe, ambazo hazihitaji lami.

Safari yake ilikatika mapema. Tarehe 27 mwezi wa nane 2022, akishindana katika mbio za Vermont Overland nchini Marekani, Kangangi alianguka akiwa katika mwendo wa kasi na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Mwaka huohuo, Mweritrea Biniam Girmay alishinda mbio za Gent-Wevelgem huko Ubelgiji. Mwaka 2024 alishinda hatua 3 za Tour de France na kutwaa jezi ya kijani. Mwezi wa tisa 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika.

Kangangi hakuyaona hayo ya Kigali, lakini timu aliyoiongoza inaendelea. Kwa Maniema, ambako barabara nyingi ni za udongo, kazi yake inaacha funzo la wazi: kabla ya lami na kabla ya baiskeli za bei ghali, vijana wanahitaji mashindano karibu na kwao, yanayorudiwa kila mwaka, na mtu aliyetangulia wa kuwaonyesha namna ya kushindana.