UNAUZA PLAGI MTANDAONI? MTEJA AKISEMA PETROLI YAKE INA ETHANOLI, USIKIMBILIE KUMBADILISHIA NAMBA

Leo naongea na watu wa spea, hasa nyie mnaopokea oda WhatsApp kama mimi.

Nauza spea za magari ya zamani hapa Kyela, na wateja wangu kadhaa wako Karonga, ng'ambo ya mpaka. Malawi walianza kuchanganya petroli na ethanoli tangu 1982. Ethanoli ni spiriti, wanaitengeneza kwa molasi, ile inayobaki kiwandani baada ya kutoa sukari.

Mwaka jana mzee mmoja mwenye Corolla ya kabureta akanitumia picha ya plagi zake. Nyeupe kama chaki, na gari linakosa nguvu mlimani. Mimi nilishasikia vijiweni kwamba petroli ya spiriti inataka plagi "ya baridi", yaani inayopoza ncha yake haraka. Nikamuuzia NGK namba 7 badala ya 6 yake. Wiki mbili hazijaisha ananiandikia: "Mwanangu, bado nyeupe, na sasa asubuhi haliwaki kirahisi." Nikarudisha hela ya plagi nne, na nauli ya mzigo nikabeba mwenyewe. Iliniuma.

Kumbe plagi haikuwa na kosa. Kilo moja ya petroli tupu inataka hewa kilo 14.7 hivi ili iungue vizuri. Ethanoli inataka kilo 9 tu, maana ina oksijeni yake ndani. Ukichanganya 10% inashuka hadi kama 14.1. Gari la injekta lenye sensa ya oksijeni linajirekebisha. Kabureta haijui kitu, inapima kama zamani, kwa hiyo hewa inazidi mafuta. Halafu spiriti inaosha uchafu wa miaka yote kwenye tangi na kuuleta kwenye filta na jeti, mafuta yanazidi kupungua. Ndiyo ule weupe.

Fundi wake alisafisha kabureta, akaweka filta mpya, akaongeza mafuta kidogo, akarudisha namba 6. Rangi ikawa kahawia hafifu, inavyotakiwa. Kwa mchanganyiko wa 10%, uza plagi ileile aliyoandika mtengenezaji wa gari.

Na hapa kwenye namba wengi tunaumia. NGK na Denso, namba kubwa ndiyo baridi zaidi. Bosch na Champion ni kinyume, namba kubwa ndiyo moto zaidi. Namba pia hazilingani: NGK BP6ES kwa Denso ni W20EP-U. Ukikisia ukampa mtu plagi ya moto kupita kiasi, mafuta yanaweza kuwaka kabla ya wakati na pistoni ikatoboka. Hapo hudaiwi tena hela ya plagi nne, bosi wangu.

Siku hizi sitoi bei kabla sijapata picha mbili: maandishi ya plagi ya zamani na ncha yake. Nauliza pia, kabureta au injekta? Akisema kabureta na ncha ni nyeupe, namwambia aanze kwa fundi. Naikosa oda ya siku hiyo, sawa, ila namtajia filta na mipira ya mafuta inayovumilia ethanoli, maana ile ya zamani inalainika na kupasuka.

Yule mzee ameshaagiza mara mbili tangu hapo. Zote filta.