Nyumba Isiyo na Anwani Hupataje Gazeti Lake?

Gazeti ni chakula kisichokaa. Likifika siku yake, baba hulisoma kwa chai, mama hukata ukurasa wa mapishi akauhifadhi, na watoto hugombea picha. Likichelewa siku nne, aghalabu huishia kufungia maandazi. Kwa sababu hiyo kazi ya gazeti haiishii kwa mwandishi wala kwenye mtambo wa kuchapia, bali huishia mlangoni mwa msomaji. Na kuufikia mlango huo ni kazi yenye elimu yake, ingawa ni wachache waitajao.

Katika Wilaya ya Rusizi, pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, safari hiyo ni ndefu na yenye kona nyingi. Mzigo utokao Kigali kwa njia ya kusini hupita Muhanga na Huye, ukakata msitu wa Nyungwe, ndipo ukateremka Kamembe, mji uliojengwa juu ya vilima vinavyotazama Ziwa Kivu. Ng'ambo ya Mto Rusizi iko Bukavu, nchini Kongo. Bondeni, upande wa kusini, iko Bugarama yenye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji. Na ziwani kipo kisiwa cha Nkombo, ambako mzigo haufiki ila kwa chombo. Wafanyabiashara wa mpakani na wakazi wa Bugarama walikizoea Kiswahili tangu zamani, kabla hata Bunge la Rwanda halijakipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Wasomaji basi wapo. Lililobaki ni kujua nyumba zao ziko wapi.

KUTOKA PAROKIA HADI SANDUKU LA POSTA

Gazeti la Kinyamateka lilipoanzishwa Kabgayi mwaka 1933, halikuhitaji namba ya nyumba. Lilipitia parokia. Misheni ya Mibirizi, iliyoko Rusizi na iliyoanzishwa mwaka 1903, ni mfano wa mahali pa namna hiyo: watu walikuja kanisani, shuleni na zahanati, na kilicholetwa kwa ajili yao walikikuta hapo. Msomaji ndiye aliyelifuata gazeti. Gazeti halikumfuata msomaji.

Baadaye likaja sanduku la posta, ambalo katika Rwanda huandikwa B.P. na katika Tanzania S.L.P. Sanduku ni zuri kwa ofisi, shule na duka. Lakini familia nyingi hazina sanduku lao, hivyo hutumia la mwajiri, la shule au la jamaa. Barua huandikwa "kwa mkono wa fulani", na fulani akisafiri barua nayo husubiri. Sanduku humwambia mpelekaji mahali mwenye barua atakapokwenda kuichukua; halimwambii anapolala.

Siku hizi watu wengi husoma habari katika simu, na waletao magazeti ya karatasi wamepungua. Hata hivyo haja ya njia ya kufika mlangoni haikupungua, kwani mzigo wa dukani, hati ya benki na gari la wagonjwa navyo huuliza swali lile lile: nyumba iko wapi?

MAJINA MAWILI, MAHALI PAMOJA

Ofisi yoyote ya usambazaji inayotaka kutumia programu ya kompyuta kupanga njia zake huanza na jambo linaloonekana dogo, nalo ni majina. Kompyuta haina busara ya karani mzee. Karani akiona bahasha iliyoandikwa "Cyangugu", nyingine "Shangugu" na nyingine "Rusizi", hujua kwamba zote zaelekea upande mmoja. Kompyuta huona miji mitatu.

Jambo hilo si la kubuni. Mwaka 2006 Rwanda ilipanga upya mikoa na wilaya zake, na miji mingi ikapewa majina mapya: Cyangugu ikawa Rusizi, Butare ikawa Huye, Gisenyi ikawa Rubavu, Ruhengeri ikawa Musanze. Wazee wangali wanatumia majina ya zamani, na hawakosei kwa lugha yao ya kila siku. Mto nao huandikwa Rusizi upande wa Rwanda, na mara nyingi Ruzizi upande wa Kongo.

Hatari kubwa zaidi ni jina moja lenye mahali pawili. Miongoni mwa sekta 18 za Wilaya ya Rusizi, mojawapo huitwa Butare. Kifurushi kilichoandikwa "Butare" bila neno jingine kinaweza kuteremshwa Huye, mji uliokuwa ukiitwa Butare, ambao basi huupita kabla ya kuingia Nyungwe. Sekta ya Muganza iko Rusizi, na Muganza nyingine iko Nyaruguru. Kamembe ni jina la mji na pia ni jina la sekta. Mwenye kuandika jina la mahali pekee huwa ameandika nusu ya anwani.

Dawa yake ni kutunza orodha mbili. Ya kwanza ni ya majina halisi, kila mahali pakiwa na jina moja, kwa tahajia moja, na juu yake jina la wilaya na la sekta. Ya pili ni ya majina mengine ambayo watu huyatumia, kila moja likielekeza kwenye jina halisi. Msomaji akisema "Cyangugu", hakosolewi. Kompyuta hupokea neno lake na kuliweka penye haki. Lakini karani asiruhusiwe kuongeza jina jipya katika orodha ya kwanza kwa kuliandika tu. Herufi moja ikikosewa, mtaa mmoja huzaa wa pili usiokuwapo duniani, na magazeti ya mtaa huo hayana mtu wa kuyapeleka.

KUSHOTO NA KULIA

Zamani mpelekaji alikuwa na daftari lenye majina ya wateja wake. Mteja mpya akija, ilibidi mtu anayejua mji aulizwe: huyu aingie daftari la nani? Mjuzi huyo akiugua au akihama, ujuzi wote uliondoka naye.

Mpango wa anwani hugeuza jambo hilo. Njia haifungwi kwa majina ya watu, bali hufungwa kwa vipande vya mitaa. Kila kipande huandikwa mwanzo wake na mwisho wake, kwa mfano namba 1 hadi 59 kwa namba witiri, na namba 2 hadi 60 kwa namba shufwa. Katika miji mingi ya dunia witiri huwa upande mmoja wa barabara na shufwa upande wa pili. Kila upande hupewa njia yake. Mteja mpya akisema anakaa namba 37, kompyuta huona kuwa ni witiri iliyo kati ya 1 na 59, ikamtia katika njia inayohusika siku ile ile, bila kumwuliza mjuzi yeyote. Akihama, jina lake huondoka. Njia hubaki kama ilivyo.

Huenda mtu akauliza kwa nini pande mbili za barabara moja zitenganishwe. Jibu laonekana wazi katika mji wa vilima. Barabara ikichongwa ubavuni mwa kilima, nyumba za juu huwa na malango yao barabarani, na za chini aghalabu hufikiwa kwa kijia kinachotokea bondeni. Mpelekaji mmoja akilazimishwa kuhudumia pande zote mbili, atapanda na kushuka hadi miguu imwishe, na gazeti la mwisho litafika adhuhuri. Wapelekaji wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, watamaliza mapema.

Mpangilio wa hatua nao ni elimu. Mwaka 1960 mtaalamu wa hesabu wa China, Guan Meigu, aliandika juu ya mpeleka barua anayetakiwa kupita kila mtaa wa eneo lake na kurudi alikoanzia kwa mwendo mfupi kuliko wote. Tatizo hilo hadi leo huitwa tatizo la mpeleka barua wa Kichina. Hesabu hiyo husaidia, ila haijui ngazi inayoteleza wakati wa mvua wala mbwa asiyefungwa. Kwa hiyo kila nyumba hupewa pia namba ya zamu, inayofuata mwendo halisi wa mguu; nayo si lazima ifuate namba iliyobandikwa mlangoni.

PALE AMBAPO HAKUNA NAMBA

Kigali ilikwisha kuziwekea barabara zake alama na namba. Zinazoanza na KN ni za Nyarugenge, KG za Gasabo na KK za Kicukiro, na mpango wa vibao ukaenea baadaye katika miji mingine. Tanzania nayo ilianzisha Operesheni Anwani za Makazi mwezi Februari 2022, ili kila nyumba iwe na namba yake kabla ya sensa ya Agosti mwaka huo. Lakini vijijini vibao ni vichache, na sehemu kubwa ya Rusizi ni vijiji.

Hapo Rwanda ina hazina ambayo nchi nyingi hazina. Ya kwanza ni ngazi za utawala: wilaya, sekta inayoitwa umurenge, seli inayoitwa akagari, na kijiji kinachoitwa umudugudu. Umudugudu ni mdogo kiasi kwamba kiongozi wake huzijua nyumba zote. Ya pili ni uandikishaji wa ardhi uliofanywa nchi nzima kati ya mwaka 2009 na 2013, ambapo viwanja na mashamba zaidi ya milioni 10 vilipewa namba. Namba hiyo huanza na mkoa, ikafuatwa na wilaya, sekta na seli, kisha namba ya kiwanja chenyewe. Haikutungwa kwa ajili ya magazeti, na mpangaji hana ruhusa ya kupekua kumbukumbu za ardhi za watu. Lakini mwenye nyumba mwenyewe akiitaja kwa hiari, mahali pake hapachanganyiki na pengine.

Tatu ni alama ya mahali ipatikanayo kwa satelaiti katika simu. Mtu husimama mlangoni pake, simu ikasoma namba mbili, ya kaskazini au kusini na ya mashariki au magharibi. Nne ni maelezo ya kawaida ambayo Waafrika wameyatumia siku zote. Kijana akiuliza, "Samahani mama, kwa fundi cherehani ni wapi?" huambiwa, "Teremka mwanangu, ukiukuta mparachichi pinda kulia, lango la bluu." Maneno hayo yasidharauliwe, yana nafasi yake katika kompyuta kama maelezo ya nyongeza. Yasichukue tu nafasi ya anwani, kwa maana mti hukatwa na lango hupakwa rangi nyingine.

MPELEKAJI NDIYE HAKIMU

Njia ikishapangwa mezani, haijawa njia bado. Sharti itembewe. Mpelekaji huchukua karatasi ya zamu, akaenda nyumba hadi nyumba, akaandika palipokosewa: kijia kimefungwa, namba mbili zimefanana, nyumba imegawanywa kwa wapangaji watatu. Anwani ambazo kompyuta haikuzitambua zisitupwe wala zisilazimishwe kuingia popote. Huwekwa katika orodha ya pembeni, na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina hupewa kazi ya kuimaliza kila wiki. Orodha hiyo ikisahauliwa, wateja waliomo hulipa bila kusoma.

Lipo jambo jingine la uangalifu. Mteja akisafiri, huomba gazeti lisimamishwe hadi arudi. Ombi hilo ni la haki, lakini orodha ya waliosafiri ni orodha ya nyumba tupu. Ikiangukia mikononi mwa mwizi, ni mali kubwa. Rwanda ilitunga sheria ya kulinda habari binafsi za watu mwaka 2021, na ofisi yenye heshima huzifungia orodha hizo. Mpelekaji huambiwa tu kwamba nyumba fulani leo haina gazeti. Haambiwi sababu wala siku ya kurudi.

YA NYUMBANI

Akina mama na akina baba hawana haja ya kungojea ofisi yoyote. Kila familia inaweza kukata kipande cha karatasi ngumu na kuandika, kwa herufi kubwa, wilaya, sekta, seli na umudugudu. Kisha namba ya barabara na ya nyumba ikiwa ipo. Kisha alama moja ya karibu isiyohama, kama shule, daraja au kisima. Na mwisho namba ya simu. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya nyumba, karibu na mlango, na watoto wafundishwe kuisoma kwa sauti. Penye kibao cha namba nje, kisafishwe na kisizibwe na matawi.

Karatasi hiyo italeta gazeti, na si gazeti tu. Siku mama mjamzito atakapozidiwa usiku na jirani akapiga 912 kuomba gari la wagonjwa, sauti ya upande wa pili itauliza mahali. Mtoto wa miaka kumi aliyekwisha kuizoea karatasi ataisoma mstari kwa mstari, naye dereva atajua kwamba ni Butare ya Rusizi, wala si ile ya zamani iliyo ng'ambo ya msitu.